Nyota Badilifu na Mwanga Tusiouona

Rumangabo, makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Virunga, kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru, ni mahali ambapo jina lake hufika masikioni mwa watu wa mbali kwa sababu mbili: sokwe wa milimani, na vita. Sifa yake ya tatu haitajwi na mtu, nayo haikuwekwa na serikali wala haiwezi kuondolewa na jeshi. Rumangabo iko kusini ya mstari wa Ikweta kwa digrii moja na kitu tu, na kwa hiyo mkazi wake, bila ya kutoka uani kwake, huweza katika mwaka mmoja kuziona takriban nyota zote za mbinguni, za kaskazini na za kusini pia, jambo ambalo mtu wa Paris au wa Cape Town hajaliwi kulipata hata akikesha umri wake wote.

Wazee wetu wa pwani, waliolima kwa kufuata Kilimia na waliovuka bahari kwa kushika nyota, waliziamini nyota kwa kuwa waliziona zimethibiti: msimu hugeuka, upepo hugeuka, lakini nyota huchomoza mahali pake na kwa nuru yake ile ile. Imani hiyo ilikuwa sahihi kwa kazi waliyoihitaji. Walakini zimo mbinguni nyota nyingi sana zisizotulia, ambazo nuru yake huongezeka na kupungua, nyingine kwa saa chache, nyingine kwa siku, nyingine kwa miezi, na nyingine bila ya mpango wowote ujulikanao. Hizo ndizo ziitwazo nyota badilifu, na elimu ya kuzichunguza ni mlango mmojawapo ambao kwao wanafalaki wameingia kuyajua maumbile ya nyota, umri wake, uzito wake, na jinsi zinavyokufa.

Shida iliyopo ni kwamba jicho hupokea matokeo tu, wala halipokei sababu. Nyota ikififia, jicho huona kuwa imefifia, basi. Yaweza kuwa nyota nyingine imepita mbele yake. Yaweza kuwa yenyewe imetanuka ikapoa. Yaweza kuwa imetema vumbi likaiziba. Na kwa yule atazamaye kutoka chini mambo hayo yote matatu hufanana. Ili kuzipambanua sababu, ilibidi wanafalaki watafute ushahidi katika mwanga mwingine, ambao jicho la binadamu haliuoni na ambao anga letu wenyewe limeuzuia usitufikie. Mwanga huo ni urujuanimno, na sehemu moja ya habari zake, kama tutakavyoeleza, huteremka duniani katika ardhi ya Waswahili.

Tuchukue nyota moja ambayo hupita karibu kabisa na utosi wa mtu wa Rumangabo. Katika kundi la Ukabu, chini ya nyota kubwa ya Tairi, iko nyota ya kiasi, si angavu wala si hafifu, iitwayo Eta ya Ukabu. Tarehe 10 Septemba 1784, Mwingereza mmoja wa mji wa York, Edward Pigott, aligundua kuwa nyota hiyo haikai hali moja. Wiki chache baadaye, rafiki yake kijana John Goodricke, aliyekuwa kiziwi tangu utotoni na aliyefariki kabla ya kutimiza miaka 22, akaigundua nyota ya namna hiyo hiyo katika kundi la Kifausi, iitwayo Delta, ambayo jamii nzima ya nyota hizi ilikuja kuitwa kwa jina la kundi lake. Eta ya Ukabu hutimiza duru moja kwa siku 7 na saa 4 hivi: hupanda upesi hata ikafikia ung'avu wake wa juu, kisha hushuka pole pole, na kati ya juu na chini nuru yake huzidiana kwa zaidi ya mara mbili. Hesabu hiyo imekwenda hivyo, juma baada ya juma, tangu zamani za Pigott hata leo.

Sababu ya kupanda na kushuka huko ilifahamika katika karne ya 20, baada ya Mwingereza Arthur Eddington kutoa rai kwamba ndani ya nyota za aina hii mna kitu kama kilango kinachozuia joto na kuliachia. Kilango chenyewe ni tabaka la heliamu iliyoko chini ya uso wa nyota. Tabaka hilo likibanwa hulizuia joto litokalo ndani, joto hujikusanya, nyota husukumwa ikavimba. Ikivimba, tabaka hulegea na kuliachia joto, nyota hupoa na kunywea, na mambo yakaanza upya. Kwa hiyo nuru tunayoiona ikibadilika ni habari ya joto zaidi kuliko habari ya ukubwa. Uso wa nyota ya namna hii huwa na joto la kati ya nyuzi 5,000 na 7,000, na ndani ya juma moja joto hilo huongezeka na kupungua kwa nyuzi mia kadhaa, hata kufikia elfu moja.

Hapa ndipo urujuanimno unapoingia, na mtu wa Kivu hana haja ya kwenda mbali kuifahamu kanuni yake, kwa kuwa ameiona kwa macho yake katika lava. Lava ya volkeno ya Nyiragongo itokapo ikiwa na joto la kiasi cha nyuzi 1,000 huwaka rangi ya manjano iliyochanganyika na nyekundu. Ikipoa kidogo hugeuka nyekundu tupu. Ikipoa zaidi hubaki nyeusi machoni, ijapokuwa mkono ukikaribia bado huungua. Kitu kadiri kinavyozidi joto ndivyo mwanga wake unavyosogea kutoka wekundu kwenda manjano, kutoka manjano kwenda weupe, kutoka weupe kwenda buluu, na baada ya buluu na urujuani kwenda katika urujuanimno, ambako jicho halifuati tena. Tena ongezeko si sawa katika rangi zote. Joto la nyota likipanda kwa kiasi kidogo tu, mwanga wake wa kawaida huongezeka kidogo, ilhali urujuanimno wake huongezeka maradufu kwa maradufu. Ndiyo sababu nyota ambayo kwa jicho hubadilika kwa unyenyekevu, kwa urujuanimno hubadilika kwa kishindo. Kuna nyota za aina iitwayo RR Lyrae, ambazo kwa mwanga wa kawaida huzidiana mara mbili au tatu katika nusu siku. Mojawapo ilipopimwa na setilaiti ya GALEX kwa urujuanimno wa mbali, tofauti baina ya chini yake na juu yake ilikaribia mara mia.

Kuwapo kwa mwanga huu kulijulikana mwaka 1801, pale Mjerumani Johann Wilhelm Ritter alipozitawanya rangi za mwanga wa jua na kuziacha ziangukie karatasi iliyopakwa chumvi ya fedha, dawa inayogeuka nyeusi ikipigwa na mwanga. Aliona kwamba karatasi iligeuka nyeusi upesi zaidi mahali palipopita mwisho wa rangi ya urujuani, mahali ambapo kwa jicho hapakuwa na kitu. Wanafizikia hupima rangi kwa urefu wa mawimbi yake: mwanga tuuonao una mawimbi ya nanometa 400 hadi 700 hivi, na urujuanimno huanzia chini ya 400.

Katika huo urujuanimno, sehemu iliyo chini ya nanometa 300 haifiki ardhini. Hunyonywa na ozoni, hewa ambayo aghalabu imekusanyika kilomita 15 hadi 35 juu ya vichwa vyetu, wala haimfai mtu kitu kupanda Nyiragongo yenye urefu wa mita 3,470, wala Mikeno yenye mita 4,437, kwani akifika kileleni bado takriban ozoni yote iko juu yake. Kizuizi hicho ni rehema, maana mwanga huo ungalituchoma ngozi na kuua mimea. Lakini kwa mwanafalaki ni pazia lisilopenywa, na hapakuwa na njia ila kupeleka darubini nje ya anga.

Wakazi wa Goma wanao ushahidi mwingine wa namna hewa inavyonyonya urujuanimno, nao unawahusu katika usalama wao. Hewa ya dioksidi ya salfa itokayo katika volkeno hunyonya urujuanimno wa jua kwa kiasi kinachopimika. Kwa hiyo vyombo vilivyowekwa chini ya Nyiragongo katika kazi ya Kituo cha Volkeno cha Goma, kijulikanacho kwa herufi OVG, hulitazama wingu la mlima huku vikigeuka kutoka upeo mmoja wa mbingu hadi wa pili, na kwa kupima urujuanimno uliokosekana hutoa hesabu ya salfa iliyotoka. Setilaiti nazo zimeyapima mawingu ya Nyamulagira, volkeno ya jirani, kwa njia hiyo hiyo tangu miaka ya mwisho ya 1970. Anayepima volkeno na anayepima nyota wote wawili hutumia kanuni moja: huhesabu ni mwanga gani umefika na ni mwanga gani umezuiwa njiani, na kwa tofauti hiyo wakajua kuna nini wasichokiona.

Safari ya kupeleka darubini nje ya ozoni ilifanikiwa kwanza mwaka 1968 kwa setilaiti ya Marekani iitwayo OAO-2, lakini iliyowafungulia wanafalaki mlango wazi ni IUE, iliyorushwa tarehe 26 Januari 1978 kwa ushirikiano wa Marekani, Uingereza na nchi za Ulaya. Kioo chake kilikuwa cha upana wa sentimita 45 tu, na wengi waliitarajia ifanye kazi kwa miaka michache. Ikadumu zaidi ya miaka 18, hadi Septemba 1996, ikiongozwa zamu kwa zamu kutoka Maryland na kutoka karibu na Madrid. Miongoni mwa nyota ilizozitazama ni ile Eta ya Ukabu yetu. Ikaonekana kwamba katika urujuanimno kuna mwanga usioelezeka kwa nyota hiyo peke yake: pembeni pake iko nyota nyingine, nyeupe na yenye joto zaidi, ambayo kwa mwanga wa kawaida imemezwa kabisa na nuru ya jirani yake mkubwa. Nyota iliyokuwa imechunguzwa kwa karibu miaka 200 kumbe ilikuwa na mwenzake, na hapana aliyejua. Jambo hilo si dogo, kwa kuwa wanafalaki huzitumia nyota za aina hii kuwa vipimo vya umbali wa makundi makubwa ya nyota yaliyo nje ya letu, na kipimo ambacho ndani yake umo mwanga wa mtu wa pili hukosesha hesabu.

Mfano wa pili uko katika kundi la Ketusi, ambalo nalo hupita juu kabisa ya Rumangabo. Nyota ya Mira iligunduliwa kuwa ni badilifu mwaka 1596 na David Fabricius, mchungaji wa kanisa huko Frisia. Hupotea kabisa machoni kwa miezi, kisha hurudi ikaonekana waziwazi, na duru yake ni ya siku 332 hivi. Ni nyota nzee, iliyovimba na kuwa nyekundu, nayo humwaga hewa yake nje kila inapopumua. Kwa miaka 400 watu waliitazama, na darubini kubwa kubwa zikaelekezwa kwake, lakini mwaka 2007 setilaiti ya GALEX, ilipokuwa ikiitazama kwa urujuanimno, ilikuta nyuma yake mkia wenye urefu wa miaka 13 ya nuru, yaani mara tatu ya umbali uliopo baina ya Jua letu na nyota ya jirani. Mkia huo ni hewa ambayo Mira imeiacha njiani kwa muda wa miaka 30,000, ikienda mbio za kilomita 130 kwa kila sekunde. Kwa mwanga wa kawaida hapakuwa pameonekana hata dalili yake.

Lakini shauri lililowafikia watu wengi zaidi ni lile la Ibuti la Jauza, ambayo vitabu vya Kizungu huiita Betelgeuse, nyota nyekundu iliyo begani mwa Jabari. Kuanzia Oktoba 2019 nyota hiyo, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa kumi zing'aazo zaidi, ilianza kufifia kuliko desturi yake, na ilipofika Februari 2020 nuru yake ilibaki zaidi kidogo ya thuluthi moja. Mtu yeyote wa Kivu aliyeinua macho jioni za Februari hiyo angaliweza kuona, bila ya chombo chochote, kwamba mabega mawili ya Jabari, ambayo siku zote huzidiana waziwazi, yalikuwa karibu sawa. Magazeti yakajaa maneno, na wengine wakadai kwamba nyota inakaribia kupasuka.

Jibu lilipatikana katika urujuanimno, na ajabu yake ni kwamba lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla ya swali kuulizwa. Mwanafalaki Andrea Dupree wa kituo cha Harvard na Smithsonian, pamoja na wenzake, walikuwa wakiitazama nyota hiyo kwa darubini ya Hubble tangu mwanzo wa mwaka 2019, kwa makusudi ya kuchunguza pumzi yake. Walipozirudia kumbukumbu zao za Septemba, Oktoba na Novemba, wakakuta kwamba katika upande wa kusini wa nyota palikuwa na bonge la hewa nzito yenye joto kali, lililokuwa likisukumwa kwenda nje kwa mwendo wa kilomita 320,000 kwa saa. Hewa hiyo ilipofika mbali na uso wa nyota ilipoa ikawa vumbi, na vumbi ndilo lililouziba upande ule kwa macho yetu. Urujuanimno uliona chanzo, nalo jicho likaja kuona athari yake miezi miwili mitatu baadaye. Dupree na wenzake walitangaza matokeo yao Agosti 2020, na nyota yenyewe wakati huo ilikuwa imekwisha rudi katika hali yake.

Sasa twende Malindi. Kaskazini ya mji huo, upande wa Ngomeni, kipo kituo cha anga cha Waitalia kilichopewa jina la Luigi Broglio, mwanzilishi wake. Wenye umri mkubwa wanakumbuka kwamba kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini hapo, tarehe 12 Desemba 1970, katika sikukuu ya miaka saba ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa mionzi ya eksirei, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Maroketi yamekwisha, lakini nguzo za kupokelea habari za setilaiti hazikuachwa. Tangu mwaka 2004, kituo hicho ndicho kilichokabidhiwa kazi ya kupokea habari za setilaiti ya Marekani iitwayo Swift.

Swift ilirushwa tarehe 20 Novemba 2004, na sifa yake ni wepesi wa kugeuka: ikipata habari ya mlipuko mahali popote mbinguni huweza kuelekea huko kwa muda wa dakika moja au mbili. Ndani yake mna darubini tatu, na mojawapo, yenye kioo cha sentimita 30, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa chuo cha University College London na Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, ndiyo ya mwanga wa kawaida na urujuanimno. Mbele ya kipokezi chake lipo gurudumu lenye vioo vya rangi, vitatu vya mwanga tuuonao na vitatu vya urujuanimno, na kipokezi chenyewe huzihesabu chembe za mwanga moja moja jinsi zinavyofika. Nyota hutazamwa kwa kioo kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Hesabu hurudiwa kesho na keshokutwa. Nukta hupangwa katika mchoro, na mchoro ule wa kupanda na kushuka ndio maandishi ambayo mwanafalaki huyasoma. Setilaiti huizunguka dunia kila baada ya saa moja na nusu na zaidi kidogo, katika njia isiyokwenda mbali na Ikweta, hivyo kwamba hupita juu ya nchi zetu mara kwa mara kila siku. Inapochomoza katika upeo wa Malindi, nguzo huigeukia, huifuata kwa dakika zisizozidi kama kumi, huyapokea yote iliyoyakusanya, kisha habari hupelekwa Pennsylvania. Mvuvi wa Ngomeni anayetweka tanga lake alfajiri huipita nguzo hiyo bila ya kujua kwamba huenda wakati ule ule inapokea mwanga wa nyota iliyopasuka.

Ushirikiano wa jicho na chombo ulidhihirika vizuri Agosti 2021, katika kundi la Ofiuko, ambalo nalo hupita karibu na utosi wetu. Humo imo nyota iitwayo RS Ophiuchi, ambayo kwa hakika ni nyota mbili: moja nyekundu, kubwa, na nyingine ndogo iliyokufa, inayomvuta mwenzake hewa na kujirundikia hadi hewa ile inapolipuka. Miongoni mwa miaka iliyolipuka ni 1898, 1933, 1985 na 2006. Safari hii walioiona kwanza na kupiga mbiu walikuwa watazamaji wa kujitolea. Baada ya mbiu hiyo Swift ikageuzwa kuitazama, na darubini za H.E.S.S. zilizoko nchi ya Namibia zikapokea kutoka kwake mionzi ya gama yenye nguvu ambayo haikuwahi kupatikana katika mlipuko wa namna hiyo.

Neno hilo la watazamaji wa kujitolea linataka kuelezwa, kwa sababu huenda msomaji akadhani kwamba, madhali setilaiti zipo, jicho halina tena kazi. Setilaiti ni chache, na waombao kuzitumia ni wengi. Kila moja huitazama nyota kwa dakika kadhaa kisha huondoka, wala haiwezi kuzilinda nyota maelfu kila usiku. Kazi ya ulinzi hufanywa na watu wa kawaida, walimu, mafundi, makarani, wastaafu, walio katika Jumuiya ya Kimarekani ya Watazamaji wa Nyota Badilifu, AAVSO, iliyoasisiwa mwaka 1911 na inayopokea habari kutoka kila pembe ya dunia. Tena zipo nyota badilifu ambazo hulipuka ghafula na kutoa urujuanimno mwingi kiasi cha kuweza kuharibu vipokezi vya darubini ya Hubble. Zilipotakiwa kuchunguzwa nyota za namna hiyo, wasimamizi wa Hubble waliwategemea watazamaji hao wazitazame kwanza, na kwa neno lao tu darubini ikaruhusiwa kugeuka au ikazuiwa.

Katika daftari la ulimwengu la watazamaji hao Afrika ya kati ina mapengo. Usiku wetu huwa ni mchana huko California na Hawaii, na nyota tuzionazo, Australia huziona kwa saa nyingine, na zile za kusini sana Ulaya huziona chini upeoni au haizioni kabisa. Mtu wa Rumangabo, wa Rutshuru, wa Bukoba au wa Kisumu angeweza kujaza pengo ambalo fedha za serikali kubwa hazilijazi kwa urahisi. Hahitaji darubini, wala hahitaji kwenda porini usiku katika nchi isiyo na amani. Ua wa nyumba yake unatosha, madhali taa imezimwa na macho yamepewa nusu saa kuzoea giza.

Anayependa kujaribu na aanze na Eta ya Ukabu, kwa sababu iko juu yake. Katikati ya Agosti, saa nne ya usiku, wakati ambapo mvua bado hazijaanza kwa nguvu, atazame juu aitafute Tairi, nyota nyeupe yenye nyota mbili ndogo ubavuni, moja huku na moja huku. Anyoshe mkono, apime kusini ya Tairi kwa upana usiotimia ngumi moja, hapo ataikuta Eta, ikiwa baina ya Delta upande wa magharibi na Theta upande wa mashariki. Hizo mbili hazibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Wala haibadiliki Beta, ile hafifu kuliko zote tatu za pale Tairi. Kila usiku ajiulize jambo moja tu: Eta imeizidi Beta, imelingana nayo, au imeshindwa nayo? Aandike tarehe, saa na jibu, asiandike anachokitarajia bali anachokiona. Baada ya majuma matatu ataiona duru ya siku 7 ikijitokeza katika karatasi yake mwenyewe.

Walimu wa sayansi wa shule zetu, ambao kila mwaka hulalamika, na wana haki, kwamba hawana maabara wala vyombo, wanayo maabara hii bila ya kodi wala ufunguo. Wanafunzi wakiisha kuyaandika mabadiliko kwa mkono wao, ndipo mwalimu awaambie habari za ozoni, na IUE, na nyota ya pili iliyofichika, na nguzo za Malindi. Watayafahamu yote hayo kwa kuwa swali watakuwa nalo wenyewe. Kinachohitajika ni daftari, kalamu, na mtu mmoja katika shule aliye tayari kutoka nje usiku na kuanza.